Mkojo Unapozuilika: Kuifahamu Tezi Dume na Tiba Zake

Mzee wa miaka 70 analetwa usiku na wanawe. Tangu alfajiri hajapata haja ndogo, na tumbo chini ya kitovu limejaa na kuuma. Muuguzi anampitishia mpira wa mkojo, na baada ya dakika chache mzee anashusha pumzi. Anapoulizwa tatizo lilianza lini, anakiri kwamba kwa miaka 3 amekuwa akiamka mara nne au tano kila usiku na kujikamua ili mkojo utoke, lakini aliona haya kusema. Wahudumu wa afya wanamfahamu vyema mgonjwa wa namna hii.

Urolojia ni tawi la tiba linaloshughulikia figo, kibofu na njia ya mkojo kwa wanaume na wanawake, pamoja na viungo vya uzazi vya mwanamume. Mawe ya figo, kichocho cha kibofu na saratani za viungo hivyo vimo katika tawi hili. Hapa tutazame jambo moja tu: kutanuka kwa tezi dume.

Tezi hii iko chini ya kibofu na huizunguka njia ya mkojo. Kwa kijana ina uzito wa takriban gramu 20. Umri unaposonga, hukua na kuibana njia hiyo. Mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa nguvu ndogo, hukatika, na kibofu hakiishi. Mkojo unaobaki huzaa maambukizi na mawe, na shinikizo lake huweza kuharibu figo bila maumivu yoyote.

Kutanuka huku si saratani, wala hakugeuki kuwa saratani. Hata hivyo, maradhi hayo mawili yanaweza kuwamo katika tezi moja. Ndiyo maana daktari huipima tezi kwa kidole na huweza kuagiza kipimo cha damu cha PSA.

Matibabu hufuata ukali wa dalili. Mwenye dalili nyepesi hushauriwa kupunguza vinywaji kabla ya kulala na kufuatiliwa. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na nafuu huonekana ndani ya siku au wiki chache. Mgonjwa ainuke polepole, kwani huweza kuleta kizunguzungu. Finasteridi huipunguza tezi yenyewe, lakini huhitaji miezi 6 au zaidi, nayo hushusha PSA kwa karibu nusu. Anayesoma majibu alikumbuke hilo. Dawa zisipofaa, au figo zikianza kudhurika, tezi hukwanguliwa kwa chombo kinachopitishwa katika njia ya mkojo. Tezi kubwa sana huweza kuhitaji upasuaji wa wazi.

Wengi huukimbia upasuaji wakihofia kupoteza nguvu za kiume. Kwa walio wengi nguvu hizo hubaki. Kinachobadilika mara nyingi ni kwamba manii hurudi kibofuni badala ya kutoka nje. Mgonjwa aelezwe hili mapema, tena faraghani.

Kwa mhudumu: mgonjwa akiwekewa mpira, andika kiasi cha mkojo kilichotoka, pima utendaji wa figo, na umpe tarehe ya kurudi. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu daima. Mpira ni daraja la kuelekea tiba. Usiwe makazi ya kudumu kwa sababu tu hakuna aliyempa mzee rufaa.

Nawe baba unayeamka kila usiku, zungumza na daktari ungali unaweza kwenda haja mwenyewe.