Chai ya Shamba Moja

Aghalabu chai tunywayo ni mchanganyiko wa majani ya mashamba kadha wa kadha, ambayo wafanyabiashara huyachanganya makusudi ili ladha isigeuke mwaka hata mwaka. Bali ile ya Darjeeling, huko Bara Hindi chini ya milima ya Himalaya, mara nyingi huuzwa kwa jina la shamba lake peke yake, na kila msimu huidhihirisha tabia yake. Mchumo wa kwanza, wa mwezi wa Machi, hutoa maji ya rangi ya dhahabu yenye harufu ya maua. Wa pili, wa Mei na Juni, baada ya vijidudu kuyafyonza majani machanga, huwa na utamu wa zabibu, nao, kwa rai yangu, ndio bora.

Kuichemsha pamoja na maziwa na sukari ni kuidhulumu. Tia katika buli gramu 2 au 3 kwa kila kikombe, mimina maji yaliyochemka yakapoa kidogo, funika dakika 3, kisha chuja. Waonjaji hodari huifyonza kijikoni kwa kishindo, jambo ambalo wazee wetu wangeliliona utovu wa adabu; lakini waonjaji hufanya hivyo kwa kuwa hewa ikichanganyika na chai huipandisha harufu hata puani, kisha chai yenyewe huitema.