Adapta inawaka na kuzima? Pima kwanza kabla ya kurudisha hela

Wauzaji wenzangu, hili somo limenigharimu, ninyi lichukueni bure.

Nauza mtandaoni adapta za volti 12 na mikanda ya taa za LED. Wiki moja nilirudishiwa adapta 4 za ampia 2, wateja wote wimbo mmoja: "Inawaka, inazima, inawaka, inazima." Nikarudisha hela zote, bodaboda juu yangu, nikamgombeza na aliyeniuzia mzigo. Baadaye nikakaa nazo na mita. Tatu zilikuwa nzima kabisa!

Iko hivi. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukiingia kwenye adapta unageuzwa kuwa DC ya volti kama 325. Chipu inaukatakata mara maelfu kwa sekunde, unapita kwenye transfoma ndogo, upande wa pili zinatoka volti 12. Pande hizo mbili hazijaungwa kwa waya, ndiyo maana ukishika upande wa kutokea hupigwi shoti. Chipu pia inachunga mkondo. Mkondo ukizidi inakata, inasubiri kidogo, inajaribu tena. Kumbe kule kuwaka na kuzima ni adapta inajilinda.

Sasa mimi nafanya hivi:

1. Nachomoa mzigo, napima adapta peke yake. Ikitulia kwenye 12, naanza kutafuta kosa nje.

2. Napiga hesabu. Mkanda wa LED aina ya 5050, wenye taa 60 kwa mita, unakula kama wati 14.4 kila mita. Mita 5 ni wati 72. Gawa kwa 12, unapata ampia 6. Adapta ya ampia 2 itaweza wapi? Wateja wawili walikuwa hapo. Wanahitaji ya ampia 8, isifanye kazi kwa kukaba roho.

3. Nakagua waya na plagi. Mteja wa tatu aliunga mwenyewe, chanya na hasi zikagusana.

4. Ikiwaka na kuzima bila mzigo wowote, ugonjwa uko ndani. Ya nne ndiyo ilikuwa hivyo. Fundi aliinua mguu mmoja wa daiodi ya upande wa kutokea, akapima, mita ikalia huku na huku. Daiodi imekufa shoti. Mara nyingine unakuta kapasita imevimba.

Tahadhari jamani: kapasita kubwa ya upande wa kuingilia inaweza kubaki na umeme mkali hata ukishachomoa. Kama hujafundishwa, usifungue, mpe fundi. Na hasi ya upande wa kuingilia siyo hasi ya upande wa kutokea, usizichanganye ukipima. Akitokea mtu akakwambia uruke ile rizista inayopima mkondo "ili isikate", mkimbie. Utauza moto.

Niliwapigia wale wateja nikawaeleza, na aliyeniuzia mzigo nikamuomba radhi. Siku hizi kabla sijapokea hela nauliza: "Bosi, unaenda kuunganisha na nini?" Na kwenye kila posti naandika ampia, siyo volti tu.

Wewe bidhaa ikirudi unapima, au unarudisha hela tu? Tuambie hapo chini.