Malaria yaondoka, maneno yapotea

Mtoto ametibiwa malaria ya ubongo na kurudi nyumbani. Punde mama aona mabadiliko: akiitwa haitiki, akitaka maji ashindwa kuyataja. Je, huo ni ukaidi? La hasha.

Katika miaka ya 2000, watafiti wa Kilifi, akiwemo Julie Carter, walionyesha kuwa malaria kali yaweza kudhuru usemi wa mtoto na uwezo wake wa kuelewa lugha. Vipimo vya Kiingereza havikufaa. Ilibidi vitayarishwe vya Kigiriama.

Kazi hiyo huchukua miaka. Ndiyo sababu ufadhili wa masomo ya uzamifu kuhusu matatizo ya mawasiliano si anasa. Bila vipimo, kasoro haitambuliki.

Mzazi, usemi wa mwanao ukibadilika, mwarifu daktari mapema.