Mikopo ya Simu: Uwe na Mingapi, Uanze na Upi?

Wakazi wengi wa Ramisi, wawe wakulima wa miwa, wavuvi au wachuuzi, hawana kadi ya mkopo, ila wana simu yenye milango kadhaa ya kukopa. Linganisha gharama ya kukopa shilingi 1,000:

• Hazina ya Hustler: riba ni asilimia 8 kwa mwaka, yaani takriban shilingi 3 kwa siku 14. Asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba.

• M-Shwari: ada ni asilimia 7.5, yaani shilingi 75 kabla ya ushuru, hata ukilipa baada ya wiki moja. Siku 30 zikipita bila kulipa, hutozwa tena.

• Fuliza: ada ya asilimia 1 unapokopa, kisha ada ya kila siku deni likikawia. Pesa zikiingia M-Pesa, deni hukatwa kwanza.

Kwa kawaida mkopo mmoja watosha. Anza na ule wa gharama nafuu. Usikope huku ulipe kule. Ikiwa malipo ya miwa yako bado miezi kadhaa, mkopo wa siku 14 au 30 haukufai.

Una haki ya kupata ripoti yako ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka CRB. Iombe, uikague.