Saini 500 zatosha kuwania udiwani, lakini hazitoshi kutengeneza barabara

MKAZI wa Butali, katika eneobunge la Malava, aliyechoshwa na mtaro uliozibika au barabara ya mashambani isiyopitika wakati wa mvua, hahitaji tena kupiga hodi kwa mwenyekiti wa chama chochote ili awanie udiwani. Katiba ya 2010 inamtaka aungwe mkono na wapigakura 500 waliosajiliwa katika wadi anayotaka kuiwakilisha, na awe hakuwa mwanachama wa chama cha kisiasa kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi.

Kwa mkazi wa aina hiyo, mlango huo ni mpana kuliko unavyodhaniwa. Ugumu unaanza baadaye, akiisha kuapishwa.

Butali ni kituo cha biashara katika eneo la Wakabras, mojawapo ya jamii za Waluhya, kaskazini mwa mji wa Kakamega. Pamoja na Chegulo, imeipa jina wadi ya Butali/Chegulo, ambayo ni moja kati ya wadi saba za Malava na 60 za Kaunti ya Kakamega. Wapenzi wa mchezo wa magongo nchini wanaijua Butali kwa timu ya Butali Sugar Warriors iliyotwaa ubingwa wa ligi zaidi ya mara moja. Wakulima nao wanaijua kwa kiwanda cha Butali Sugar Mills, kilichoanza kusaga miwa mwaka wa 2011 baada ya mvutano mrefu mahakamani na kiwanda jirani cha West Kenya.

Miwa ndiyo inayofanya siasa za barabara kuwa nzito katika ukanda huu. Matrekta yanayovuta matrela yaliyosheheni huchimba mashimo katika barabara za udongo, na mvua ikinyesha magari hukwama. Muwa uliokatwa ukalala shambani hupungua uzani, na mkulima hulipwa kwa uzani. Barabara hiyo hiyo ndiyo anayopitia mama mjamzito akiwa juu ya pikipiki usiku akielekea zahanati. Ndiyo maana katika wadi kama hii mtu anaweza kuamua kuwania kiti kwa sababu ya kilomita tatu tu za barabara, bila kujali nani atakuwa rais.

Mtu kama huyo hakuwa na nafasi kwa muda mrefu. Katika uchaguzi wa 1963 wagombea huru waliruhusiwa. Mambo yalibadilika baada ya Jaramogi Oginga Odinga kujitoa KANU mwaka wa 1966 na kuunda KPU. Katika chaguzi za mabaraza za 1968, karatasi za uteuzi za takriban wagombea wote wa KPU zilikataliwa na maafisa kwa madai kwamba hazikujazwa ipasavyo. Mwaka huo huo Katiba ilirekebishwa, na mtu asiyedhaminiwa na chama akafungiwa njia ya kuingia Bungeni. Kisha kikafuata kipindi ambacho chama kilikuwa kimoja tu, na mwaka wa 1988 wapigakura wakatakiwa kupanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake katika mchujo wa KANU.

Vyama vingi viliporejea mwishoni mwa 1991, sharti la kudhaminiwa na chama halikuondoka. Wananchi wakabuni ujanja wao. Diwani aliyenyimwa tiketi na chama kikubwa alikwenda kununua cheti cha chama kidogo ambacho ofisi yake ilikuwa mkoba wa mwenyekiti. Kufikia uchaguzi wa 2007, zaidi ya vyama 100 vilikuwa vimesajiliwa nchini, na vingi havikujulikana na wapigakura hata kwa jina. Sheria ya Vyama vya Kisiasa iliyoanza kutumika 2008 ikavipunguza hadi chini ya 50. Kwa hivyo waliokuwa wakiitwa wagombea wa vyama vidogo siku hizo walikuwa, kwa hakika, wagombea huru waliolazimishwa kuvaa sare.

Kifungu cha 85 cha Katiba ya sasa kiliwavua sare hiyo, na tangu uchaguzi wa Machi 4, 2013 hakuna anayelazimika kukodi chama.

Taratibu zenyewe si nyingi, ila hazisamehi. Mwaniaji huwasilisha jina lake na alama anayotaka kutumia kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), nayo tume huhakikisha alama hiyo haifanani na ya chama chochote. Tarehe za mwisho hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, ada ya uteuzi wa mwaniaji udiwani ilikuwa Sh5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hizo si fedha za kumzuia mfanyabiashara wa soko au mwalimu kuingia kinyang'anyironi.

Mtego ulio wazi kidogo ni uanachama. Mwaka wa 2021, afisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa ilipowawezesha Wakenya kukagua uanachama wao mtandaoni, wengi walishangaa kukuta wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kwa mpigakura wa kawaida hilo lilikuwa jambo la kuudhi. Kwa anayetaka kuwa mgombea huru, jina lililosahaulika katika sajili ya chama linaweza kumwondoa uwanjani, kwa maana ni lazima ajiuzulu rasmi kabla ya ile miezi mitatu kuanza kuhesabiwa. Uchaguzi mkuu ujao unatarajiwa Agosti 10, 2027, hivyo hesabu hiyo inaangukia mwanzoni mwa Mei 2027. Atakayekagua jina lake Juni atakuwa amechelewa.

Gharama kubwa huja siku ya kura. Sheria inakiruhusu chama kuweka wakala mmoja katika kila kituo, naye huwaangalilia wagombea wote wa chama hicho, kuanzia wa urais hadi wa wadi. Mgombea huru hana wa kumwangalilia. Hana budi kutafuta mawakala wake, kuwalisha, kuwasafirisha na kuwafundisha wasiondoke kabla ya kupata nakala ya matokeo ya kituo. Asiyekuwa na nakala hizo huwa na maneno tu mbele ya hakimu, na kesi yenyewe ya kupinga matokeo ya udiwani hutaka iwasilishwe ndani ya siku 28 pamoja na dhamana ya Sh100,000.

Isitoshe, mawimbi ya vyama yana nguvu. Uchaguzi mdogo wa ubunge wa Malava uliofanyika Novemba 27, 2025, kufuatia kifo cha mbunge Malulu Injendi mwezi Februari mwaka huo, uligeuka kuwa vita kati ya kambi mbili za kitaifa, ambapo David Ndakwa wa UDA alimshinda Seth Panyako wa DAP-K. Udiwani, hata hivyo, ni kiti cha karibu. Mpigakura humjua mwaniaji kwa jina la babake na kwa madeni yake, na hapo ndipo asiye na chama anapopata pumzi.

Tuseme basi ameshinda. Wengi humtazamia aanze kumwaga murramu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza jambo hilo waziwazi: diwani hana ruhusa ya kushiriki kazi za utekelezaji za serikali ya kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wake. Kazi yake ni kuwakilisha, kutunga sheria, kuidhinisha bajeti na kukagua matumizi. Wale madiwani wa zamani wa mabaraza, waliokuwa wakigawana kati yao kazi za kamati na hata zabuni, walifutwa pamoja na mabaraza hayo mwaka wa 2013. Fedha zao nyingi zilitoka katika mfuko wa LATF, uliotengewa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa, na kutoka katika ushuru wa mazao kama miwa. Jina la diwani limebaki midomoni mwa watu, kazi imebadilika.

Habari njema ni kwamba mambo yanayomkera mkazi wa Butali yamo mikononi mwa kaunti kwa sehemu kubwa. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti barabara zake, taa za barabarani, masoko, maji na usafi, mifereji ya maji ya mvua mijini, zahanati, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Barabara kuu si zake, na mgombea anayeahidi kuweka lami kwenye barabara kuu anadanganya au hajasoma.

Lakini fedha za mambo hayo hupita katika mkondo mmoja wenye tarehe zake. Kila mwaka serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mradi usiokuwa katika mpango wa Septemba ni vigumu kuuingiza Aprili, hata kwa kelele. Mengi huamuliwa katika kamati, na nafasi za kamati hugawanywa kwa mashauriano ya viongozi wa vyama. Hapo ndipo mgombea huru anapouona upweke wake. Hana kiranja wa kumpigania, na ushindi wake hauongezi kiti chochote cha madiwani maalumu, kwa kuwa viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na viti vilivyoshinda.

Upweke huo una faida yake. Hakuna chama kinachoweza kumwadhibu kwa kupiga kura anavyoona. Vyama viwili vikikaribiana kwa idadi, kura yake moja huwa ya thamani, naye anaweza kuibadilisha kwa taa za sokoni au daraja dogo. Anachohitaji ni kujua anachotaka na kukitaja kwa jina la barabara na urefu wake. Diwani anayeomba "maendeleo" hupewa ahadi.

Yaliyompata Kawira Mwangaza wa Meru yanaonyesha upande wa pili, ingawa yeye alikuwa gavana. Alichaguliwa 2022 akiwa mgombea huru, akawabwaga wanasiasa wazito wa vyama, kisha akajikuta mbele ya bunge la kaunti lisilokuwa na kundi lake. Madiwani walipiga kura ya kumng'oa mara tatu. Seneti ilimwokoa mara mbili, na Agosti 2024 ikakubaliana nao. Mahakama Kuu ilithibitisha uamuzi huo Machi 2025. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu makosa aliyoshtakiwa, lakini ni dhahiri kwamba umaarufu wake miongoni mwa wapigakura haukumpa marafiki ndani ya ukumbi.

Katika nchi jirani hali hutofautiana. Uganda inawaruhusu wagombea huru, na bunge lililochaguliwa 2021 lilikuwa na zaidi ya 70 kati yao, wengi wakiwa ni watu walioshindwa katika mchujo wa chama tawala. Tanzania bado inawataka wagombea wote wadhaminiwe na vyama, licha ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kuamua Juni 2013, katika kesi iliyohusisha Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba sharti hilo linakiuka haki. Mkenya anayelalamika kuhusu saini 500 ana jirani anayemwonea wivu.

Kuna sharti jingine ambalo wapigakura huwa hawalifuatilii. Diwani aliyechaguliwa akiwa huru hupoteza kiti akijiunga na chama kabla ya muda wake kwisha. Anaweza kushirikiana na upande wowote, hata kukaa nao kila kikao, ila kadi hawezi kuchukua. Kwa wakazi hiyo ni kinga dhidi ya mtu anayetumia uhuru kama daraja la kurudi alikofukuzwa, jambo linalofanyika sana, kwa kuwa idadi kubwa ya wagombea huru ni wale walioangushwa katika mchujo.

Kwa Butali na wadi nyingine 1,449 nchini, kalenda ina ukali wa ziada. Diwani atakayeapishwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027 atakuta bajeti ya Julai 2027 hadi Juni 2028 imekwisha kupitishwa na bunge lililomtangulia. Mpango wa mwaka utakaofuata unatakiwa kufikia Septemba 1, wiki chache tu baada ya kura kuhesabiwa, na mpango wa miaka mitano unaoanza 2028 utakuwa ukiandaliwa. Mwenye barabara ya kilomita tatu kichwani anaweza kuipeleka katika vikao vya maoni ya umma vya kaunti kabla hata ya kutafuta saini ya kwanza, kwa sababu vikao hivyo viko wazi kwa kila mkazi na havitaki alama wala ada ya uteuzi.