Je, Wajua? Wati Nyingi si Sauti Kubwa

Je, wajua kuwa kuongeza nguvu ya spika zako kutoka wati 10 hadi 20 hakufanyi sauti iwe kubwa maradufu? Hupanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huihisi kidogo. Ili isikike kubwa maradufu, inahitajika nguvu karibu mara 10.

Kwa hiyo, unaponunua spika za kompyuta, usibabaishwe na tarakimu kubwa za PMPO kwenye boksi. Hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Tafuta RMS, nguvu inayodumu muziki ukiendelea kupiga.

Nyumbani, zielekeze usawa wa masikio na uziepushe na kona za chumba: kona huvimbisha besi hadi ikafunika maneno.