Kupunguza Mafuta Bila Kupoteza Nguvu: Protini ya Bei Nafuu

Leo tunazungumza na wewe mama wa hapa Karurumo uliyepimwa kliniki, ukaambiwa shinikizo la damu limepanda au sukari imezidi, na kwamba upunguze uzito. Ukarudi nyumbani ukaacha chakula cha mchana. Jioni ni chai na mkate mkavu. Baada ya wiki chache mizani inasoma vizuri, lakini mtungi wa maji umekuwa mzito na jembe linakushinda.

Hapo hukupoteza mafuta peke yake. Mwili ukinyimwa chakula huchoma mafuta, lakini pia hubomoa misuli, hasa kama protini ni kidogo na misuli haifanyi kazi. Na misuli ndiyo hutumia sehemu kubwa ya sukari iliyo kwenye damu. Kwa hiyo mama mwenye kisukari akikonda kwa kupoteza misuli, amejiongezea taabu.

Je, unahitaji protini kiasi gani? Mtu mzima mwenye afya huhitaji karibu gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayepunguza uzito huku akifanya mazoezi hufaidika na zaidi, kati ya gramu 1.2 na 1.6. Mama wa kilo 70 basi atafute gramu 84 hivi kwenda juu. Usiogope hesabu hiyo. Haihitaji nyama kila siku.

Chukua kilo moja ya maharagwe makavu. Ndani yake mna gramu 200 na zaidi za protini, karibu sawa na kilo ya nyama ya ng'ombe mbichi. Sasa nenda sokoni uulize bei ya kila moja. Ndengu, kunde na mbaazi, ambazo wenzetu wa Mbeere hulima kwa wingi, ziko hapo hapo na maharagwe. Ukinunua kwa gorogoro baada ya mavuno, bei huwa nafuu zaidi kuliko kununua kikombe kikombe dukani. Maharagwe hupungukiwa na aina fulani ya protini ambayo mahindi wanayo, na mahindi hupungukiwa na ile iliyo kwenye maharagwe. Ndiyo maana githeri ni chakula kizuri. Shida ni kwamba sufuria nyingi zina mahindi tele na maharagwe ya kuhesabu. Wewe weka kikombe kwa kikombe, au maharagwe yazidi. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, gesi itapungua tumboni. Kisha yachemshe hadi yaive kabisa, kwa maana maharagwe mabichi yana sumu inayosababisha kutapika.

Omena nao wasidharauliwe. Najua nyumba nyingi za huku mlimani hazikuwazoea, na harufu yao huwafukuza watu jikoni. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa omena mkavu ni protini, na ukimla mzima unapata madini ya mifupa pia. Waoshe kwa maji moto mara mbili kuondoa mchanga, kisha uwapike na nyanya, kitunguu na ndimu. Yai moja lina gramu 6 hivi, na kikombe cha maziwa gramu 8. Usiuze mayai yote ukanunue soda!

Njugu karanga zina protini nyingi, ila karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, kwa hiyo konzi moja yatosha. Zilizoota ukungu au kubadilika rangi tupa, na mahindi vivyo hivyo. Mwaka 2004 sumu ya ukungu kwenye mahindi iliua watu 125 katika Ukambani na maeneo ya karibu, na kupika hakuiondoi.

Upunguze wapi basi? Kwenye mafuta ya kupikia na sukari. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, wakati yai zima lina 70 tu. Sufuria ya mboga iliyomiminiwa vijiko vinne imekurudisha nyuma kabla hujaketi mezani. Punguza pia ugali, ujaze nafasi yake kwa sukuma wiki au terere, lakini bakuli la ndengu usiliguse.

Misuli hujengwa kwa kazi. Mara mbili au tatu kwa wiki, keti kwenye kiti na kuinuka bila kushika kitu, mara kumi, upumzike, urudie. Sukuma ukuta kwa mikono. Kijana wako anayeinua vyuma vya saruji nyuma ya nyumba anajua haya tayari. Mwambie pia kwamba unga wa protini wa mikebe mara nyingi umetengenezwa kwa maziwa, na ng'ombe yuko hapa.

Mama mjamzito au anayenyonyesha asijaribu kupunguza uzito bila ushauri wa kliniki. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari. Anayetumia dawa za kisukari akibadilisha chakula aiambie kliniki mapema, maana kipimo cha dawa huenda kikahitaji kupunguzwa. Na watoto wapakulie kama kawaida, hata kama mnakula kutoka sufuria moja.